Tanki jipya la vepu (sigara ya kielektroniki): naliosha vipi kabla ya kutia juisi, yaani kimiminika cha kuvuta?

Mgeni wa Mvuke: Wakuu, nina tanki jipya la kioo, ujazo mililita 5, na koili (kipashio kinachogeuza juisi kuwa mvuke) mbili za wavu, moja ya omu 0.2 na nyingine ya 0.4. Nikipitisha tishu kwenye meno ya kufungia inatoka na weusi wenye mafuta, na ndani kuna harufu ya karakana. Maji ya moto yanafaa? Koili nazo zinaoshwa?

Kibano: Weusi huo ni mafuta ya kukatia chuma yaliyobaki kutoka kiwandani, yakichanganyika na vumbi la chuma. Toa koili kwanza, weka pembeni. Kisha fungua kila kipande: mdomo, kifuniko, kioo, kitako. Oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) zing'oe kwa kijiti cha meno, pini huzichana, na piga picha kabla ili ujue ipi ilikaa wapi.

Loweka dakika 15 kwenye maji ya vuguvugu yenye matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo. Sugua kwa mswaki laini, hasa kwenye meno na matundu ya hewa, ndiko mafuta hujificha. Suuza mpaka utelezi uishe, halafu acha usiku kucha. Usikiharakishe kitako: unyevu ukibaki karibu na pini ya katikati, kifaa kinasoma omu visivyo au kinakwambia kuna shoti.

Mzee wa Mawingu: Mambo yote hayo ya nini? Chemsha dakika tano umalize.

Kibano: Kioo kikitoka kwenye maji yanayochemka kikakutana na ya bomba, kinaweza kupasuka. Midomo ya plastiki nayo hupinda. Na spiriti itumike kwenye chuma pekee, ile safi. Akriliki (plastiki inayofanana na kioo) ikiguswa nayo huota nyufa ndogondogo. Ile ya rangi ya kuwashia taa sahau kabisa.

Omu Ndogo: Koili za kiwandani HAZIOSHWI. Ndani kuna pamba. Ikinywa maji itakawia kunywa juisi, na ikinywa sabuni utaivuta. Futa chuma cha nje kwa tishu kavu, basi.

Koili inachohitaji ni kuloweshwa kwa juisi. Dondosha tone moja au mawili kwenye kila tundu la pembeni, na machache kwa juu kwenye ukuta wa ndani. Pamba ikishang'aa, acha; ukizidisha itagugumia na kukurushia juisi mdomoni. Jaza tanki, subiri dakika 10, au 15 kama juisi ni nzito (VG, yaani gliserini ya mimea, asilimia 70 kwenda juu). Soma wati zilizoandikwa kwenye koili, anzia chini yake: ikiwa ni 60 hadi 80, mivuto ya mwanzo iwe 45 au 50, kisha panda kidogo kidogo. Pamba ikiungua mara moja, ladha ile haitoki tena, unabadilisha koili.

Mgeni wa Mvuke: Nimeelewa. Na koili za kusuka mwenyewe, si watu huziwasha kavu?

Omu Ndogo: Huwashwa, lakini kabla ya kutia pamba. Waya wa kanthal, nikromu au chuma cha pua: wati 15 hadi 20, bonyeza sekunde mbili, achia, rudia. Mabaki ya mafuta yanaungua hapo. Inatakiwa ianze kuwa nyekundu katikati na kuenea sawasawa. Penye doa linalowaka kuliko kwingine, kwaruza taratibu kwa kibano cha kauri. Nikeli tupu na titani usiziwashe hadi ziwe nyekundu. Na ya wavu uliyonayo usiijaribu hivyo, tayari ina pamba.

Kibano: Ukiunganisha, paka oringi juisi kidogo. Kavu hujikunja kwenye kioo na tanki huvuja, watu wakalaumu koili. Kaza kwa vidole tu, na vaa glavu kama juisi ina nikotini, maana hupenya ngozi.