Manase alisamehewa au hakusamehewa? Naombeni ushauri

Wakuu habari zenu. Kuna ndugu yangu kadhulumu watu miaka mingi, sasa anataka kumrudia Mungu ila anasema kwa aliyoyafanya hasameheki. Nikamwambia asome 2 Nyakati 33, habari za Manase mfalme wa Yuda, aliyewapitisha wanawe motoni na kuweka sanamu ndani ya hekalu, Waashuru wakamfunga pingu wakampeleka Babeli, na huko huko akalia kwa Mungu akasikiwa akarudishwa Yerusalemu. Jamaa kasoma, kisha kaniletea 2 Wafalme 24:4, eti Bwana hakutaka kusamehe ile damu isiyo na hatia aliyoimwaga Manase. Nimekwama kabisa, nimjibuje?

Kinubi
Mkuu usiogope hiyo mistari, yote ni kweli. Soma vizuri, pale 2 Wafalme kinachozungumziwa ni Yuda kuangamizwa, na hapo Manase keshakufa zamani. Yeye mwenyewe alisikiwa, lakini miaka 55 ya utawala ilishaharibu taifa, hata mwanawe Amoni alifuata ule ubaya wa baba, toba hakuifuata. Daudi pia, baada ya kumtwaa mke wa Uria, nabii Nathani anamwambia Bwana ameiondoa dhambi yako hutakufa, hapo hapo anaambiwa mtoto atakufa.

Mama Faraja
Mwanangu, mwambie asiitumie hiyo aya kujificha. Watu wengi husema sisameheki kwa sababu kurudi ni kugumu, maana kurudi ni kuangaliana na uliowaumiza. Manase aliporudi aliitoa ile sanamu akaitupa nje ya mji, akaitengeneza madhabahu ya Bwana. Waliokufa hakuweza kuwafufua. Ndugu yako aliowadhulumu si wako hai? Basi ana nafasi ambayo Manase hakuwa nayo!

Mleta uzi
Asante sana mama, hiyo imenigusa. Sasa aanze kurudisha vya watu ndo atubu, au atubu kwanza?

Kinubi
Angalia Luka 19. Yesu anamwita Zakayo, yule mtoza ushuru, akiwa bado juu ya mkuyu, hajaahidi hata senti, watu wananung'unika anaingiaje kwa mwenye dhambi. Habari ya kurudisha mara nne Zakayo aliisema baada ya kupokelewa. Kwahiyo aombe leo leo, na kesho aanze na wale anaojua wanapoishi.