Civil War: ninunue kile kitabu chembamba, mikusanyo yote, au nilipie programu?

MwanaKuze
Salaam aleikum wapenzi wa komiki. Nataka kununua Civil War ya Marvel, ile hadithi ya mashujaa kupigana wao kwa wao, na wakala wangu wa mizigo afunga oda Ijumaa. Naona njia tatu. Kuna kile kitabu chembamba chenye matoleo 7 ya hadithi kuu. Kuna kukichukua pamoja na mikusanyo ya kando, yaani vitabu vyenye majarida ya Spider-Man, ya Captain America na wengineo ya hadithi hiyo hiyo. Ama niachane na karatasi nilipie Marvel Unlimited, programu ya Marvel ya kusomea komiki. Kwa kweli hizi hadithi za kuwachanganya mashujaa zimenichosha. Nikianza kumfuata mmoja, hadithi yarukia jarida jengine, na hilo nalo lataka la tatu. Safari hii nataka nisome mwanzo hadi mwisho bila kuachwa njiani. Mwanishauri nini?

Fundi_Bamburi
Kaka, yale ya muhimu hukuyasema. Bajeti yako ni shilingi ngapi? Una tableti au utasomea kwenye simu? Na umeshawahi kusoma nini cha Marvel, ama umetokea kwenye ile filamu ya 2016? Nauliza kwa sababu filamu na komiki ni hadithi mbili mbalimbali. Kwenye komiki chanzo ni mlipuko wa Stamford, kisha ikaja sheria ya kuwalazimisha mashujaa wajiandikishe serikalini kwa majina yao ya kweli. Yale makubaliano ya Sokovia, yaliyozusha ugomvi kwenye filamu, hutayaona humo.

BintiMajengo
Programu, wala usijisumbue na wakala. Mimi ndiyo ninayotumia, nalipa kwa kadi. Kasoro yake ni kwamba matoleo mapya huchelewa kama miezi mitatu kuingia, lakini Civil War ni ya 2006, hilo halikuhusu.
Kitabu chembamba peke yake kitakuudhi. Mfano Spider-Man: toleo la 2 anavua barakoa mbele ya waandishi wa habari na kutaja jina lake. Ukurasa ule ulinitetemesha. Sasa yaliyompata baadaye, mpaka shangazi yake May kupigwa risasi, yako kwenye Amazing Spider-Man. Captain America naye toleo la 7 anajisalimisha, hadithi kuu inaishia hapo. Kuuawa kwake kuko Captain America toleo la 25. Yaani jambo zito kuliko yote limewekwa nje ya kitabu kinachouzwa kuwa ndicho chenyewe! Sielewi ni heshima gani hiyo kwa msomaji aliyetoa pesa zake.

MwanaKuze
Shukran dada. Fundi, filamu nimeitazama, na komiki nimesoma za hapa na pale. Bajeti ipo, si tatizo sana. Tableti ninayo ya zamani.

Fundi_Bamburi
"Ipo" si jibu ndugu yangu. Mikusanyo yote ya Civil War ni rundo la vitabu, si kimoja wala viwili, na wakala anatoza kwa kilo. Na tableti ni ya inchi ngapi? Ya inchi saba utakuwa unakuza kila kisanduku ndiyo usome maneno, na mchoro wa Steve McNiven wataka uonekane ukurasa mzima kwa pamoja.

AmiWaNdiaKuu
Wanangu, ngojeni niwape yaliyonikuta, huyu kijana asije akaliwa pesa.
Miaka ile nikifanya kazi karibu na Mwembe Tayari kulikuwa na muuza vitabu vikuukuu akipanga vitu vyake chini kwenye gunia. Siku moja akaniambia ana Maximum Carnage, ile ya Spider-Man ya 1993, "kamili kabisa, mzee, nimekuwekea wewe." Zimefungwa kwa uzi wa katani, juu Amazing Spider-Man 378, safi, rangi nyekundu inang'aa. Nikalipa bila kukata uzi. Bei sisemi, lakini nyumbani ilinibidi niulizwe.
Usiku nafungua. 378, 379, 380. Nasoma ya kwanza, watu tayari wamekufa, Spider-Man tayari ameumia mbavu, sijui imekuwaje. Nafungua ya pili, mashujaa wengine wamejaa humo na hakuna anayeeleza wametoka wapi. Ya tatu inaisha katikati ya vita. Kumbe hadithi ile ina sehemu 14, zimetawanywa kwenye majarida matano. Yaanza Spider-Man Unlimited toleo la 1 na yaisha Spider-Man Unlimited toleo la 2, na katikati yazunguka Web, Amazing, Spider-Man tupu na Spectacular. Mimi mkononi nilikuwa na sehemu ya 3, ya 7 na ya 11.
Nikarudi kwa yule bwana. Akasema namba zimefuatana, 378, 379, 380, nataka nini tena? Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe: namba zilikuwa zimefuatana kweli. Aliyeikatakata hadithi ni mchapishaji. Mtoto wa Mombasa, au wa Kisumu, au hata wa mji mdogo huko kwao Marekani, atayapata vipi majarida yote matano kwa mpango? Mwisho wa hadithi ile nilikuja kuusoma mwanangu ashakuwa mtu mzima, kwenye kitabu cha mkusanyo alichoniletea.
Kwa hivyo kijana, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie wakala akupigie picha ya ukurasa unaoorodhesha matoleo yaliyomo ndani. Usitazame jalada.

KijanaLikoni
Pole sana ami. Mimi nasema achana na Civil War kabisa, chukua Infinity Gauntlet ya 1991. Matoleo 6, ya Jim Starlin, mwanzo na mwisho humo humo.

BintiMajengo
Mwanzo humo humo? Thanos, yule adui mkuu, anaingia toleo la 1 akiwa na vito vyote sita vya nguvu tayari. Alivyovipata ni Thanos Quest ya 1990. Hiyo nayo ni kazi ya nyumbani.

KijanaLikoni
Lakini unaelewa bila kuisoma. Starlin anakueleza kwa kurasa chache, kisha anaendelea. Mwandishi akijua kazi yake, msomaji mgeni hapotei. Siku hizi hawajali. Secret Wars ya 2015 ya Hickman wanaisifu, na mimi naipenda, lakini mtu asiyesoma Avengers na New Avengers zake kabla haelewi kwa nini dunia mbili zinagongana.

Shabiki_wa_Barry
Na Secret Wars ya kwanza, 1984, ilibuniwa kwenda sambamba na vitu vya kuchezea vya Mattel. Biashara tangu siku ya kwanza. Hata lile vazi jeusi la Spider-Man lilitoka Amazing 252, na wasomaji wakasubiri miezi mpaka Secret Wars toleo la 8 ndipo wajue alilitoa wapi.
Upande wa DC, wapinzani wa Marvel, walau Crisis on Infinite Earths ya 1985 ilikuwa na sababu: kupunguza msongamano wa dunia sambamba kwenye hadithi zao. Matoleo 12, na Barry Allen, yaani Flash, alipokufa toleo la 8 alikufa kweli. Tukamzoea Wally West aliyerithi jina la Flash, tukampenda. Kisha 2008 wakamrudisha Barry. Nampenda Barry, lakini walitunyang'anya kile kifo.

Fundi_Bamburi
Hilo ndilo linaloniuma mimi pia. Kuvua barakoa kwa Spider-Man kulidumu muda gani? Hadithi ya One More Day ikaja 2007, dunia ikasahau uso wake, ndoa yake na Mary Jane ikafutwa. Tukio kubwa linafutwa na tukio jengine.

MwanaKuze
Sasa nimezidi kuchanganyikiwa. Na je, karatasi hapa kwetu yadumu? Rafiki yangu wa Nyali vitabu vyake vimeota madoa ya kahawia.

AmiWaNdiaKuu
Unyevu wa bahari huo. Usiviegemeze kwenye ukuta wa nje, na masika yakiingia vifungue mara kwa mara vipate hewa. Zile karatasi za kung'aa zikilowa kidogo hugandana, ukizibandua rangi yatoka. Vyangu viko ndani ya sanduku la bati na vipakti vya kunyonya unyevu, vile vijavyo na viatu vipya. Humo humo nimeweka vipande vyangu vya vibonzo vya Juha Kalulu nilivyokata kwenye gazeti la Taifa Leo.

BintiMajengo
Ami, una Juha Kalulu za Edward Gitau?! Marehemu babu alikuwa akitusomea kwa sauti. Za miaka gani?

AmiWaNdiaKuu
Nyingi za miaka ya themanini, chache za nyuma zaidi. Gazeti limekuwa la manjano lakini wino wasomeka.

KijanaLikoni
Ami tafadhali zipige picha. Hata kwa simu, bora kuwe na mwanga wa mchana.

Fundi_Bamburi
Mimi nina skana. Nikivuka mjini Jumamosi naweza kuja nayo, ukiniruhusu. Kata zile pini kwanza kama umezibana, zinaacha kutu.