Kompyuta nusu zina neti nusu hazina, ni swichi imekufa?

mzee_wa_wino
Wakuu habari za jioni. Mimi sio mtu wa IT ila ofisini nimeangushiwa jumba bovu kwa sababu tu najua kubadilisha wino wa printa. Tuko 14, kuna kiboksi cha faiba ukutani kinaingia kwenye ruta, ruta inaingia kwenye swichi ya matundu 24, na kutoka hapo kila meza ina waya wake. Juzi bosi kalalamika waifai haifiki chumbani kwake, akanunua ruta yake akaichomeka tundu la ukutani, mistari ikajaa, ingawa naye siku nyingine inamgomea. Toka siku hiyo kila asubuhi kompyuta kama sita hazina neti, kesho yake zinakuwa nyingine! Printa wengine wanaiona wengine hawaioni. Fundi kasema swichi imekufa ninunue mpya, kweli? Na mbona swichi na ruta mie naona kitu kimoja tu

Chapati Mbili
Huyo fundi ana duka la swichi 😂

waya_nane
Mkuu usinunue kitu. Swichi kazi yake ni kuunganisha mlioko ndani basi, kila kompyuta ina namba ya kiwandani kwenye kadi yake ya mtandao na swichi inakariri namba ipi iko tundu lipi, ukiprinti inapeleka kwenye tundu la printa bila kusumbua wengine. Intaneti haiijui ni mdudu gani. Ruta ndo mlango wa kutokea nje, na kwa ofisi ndogo kama yenu ndo inagawa IP pia, yaani namba ya kila kompyuta kwenye mtandao. Kompyuta ikiwaka inauliza mtandao mzima "nani anagawa namba hapa?", ruta inajibu chukua hii, na ukitaka kutoka nje pita kwangu.

Sasa kwenu wanaojibu wako wawili, ruta ya ofisi na ya bosi. Anayewahi ndo anasikilizwa, na aliyepewa na ya bosi anaelekezwa mlango wa kwa bosi ambako hakuna faiba. Printa nayo iko upande mmoja tu ndo maana wengine hawaioni. Kahakikishe, fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri) andika ipconfig kwenye kompyuta nzima na kwenye mbovu, linganisha mstari wa Default Gateway, ndo huo mlango wa kutokea.

mzee_wa_wino
Duh. Nzima inasema 192.168.100.1, mbovu 192.168.0.1!!

waya_nane
Hiyo 0.1 ndo ya bosi. Ichomoe ukutani kwanza, iunganishe na laptop peke yake, ibadilishe IP iwe 192.168.100.2 (hakikisha hakuna mwingine anayeitumia), zima DHCP (ndo ule ugawaji wa IP), halafu irudishe ukutani kwa tundu la LAN (la mtandao wa ndani) sio WAN (la kutokea nje). Itabaki kurusha waifai tu. Kompyuta mbovu zizimwe ziwashwe. Printa ipe IP ya kudumu isije ikahama tena. Na kamwe asiunganishe waya mbili kutoka hiyo ruta kwenda ukutani, itazunguka humo humo na ofisi nzima italala.

mzee_wa_wino
Imekubali mkuu, tangu asubuhi hakuna aliyeniita. Kimebaki kimoja, mhasibu kukopi mafaili toka seva anakunywa chai mpaka inaisha, wenzake ni dakika moja.

Chapati Mbili
Wa kwetu alikuwa hivyo hivyo. Angalia spidi ya kadi yake, ikisoma 100 Mbps wakati wengine 1 Gbps (yaani 1000 Mbps) mchawi ni waya. Ndani mna nyaya nane, 100 inatumia nne tu lakini 1 Gbps inataka zote nane, mmoja wa zile nne za ziada ukilegea inashuka kimya kimya na hakuna anayejua.

mzee_wa_wino
Inasoma 100. Nimemulika kichwa cha waya na tochi ya simu, ule wa kahawia haujafika mwisho, umeishia nusu kabisa. Na aliyekrimpi, yaani aliyebana hicho kichwa, ni yule yule fundi wa swichi.