Mrejesho: zile nati za paipu ya breki zilizolika

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza jinsi ya kufungua nati za paipu za breki za nyuma za gari zilizolika kona, spana inazunguka tu. Asanteni sana. Nilipulizia oili ya kulegeza kutu nikaacha usiku kucha, asubuhi nikatumia ile spana ya mdomo unaokumbatia nati karibu yote, ya kushoto ikaachia "tak!" nikashangilia peke yangu. Ya kulia iligoma, praizi ya kufunga (ile inayong'ang'ania yenyewe) ndo ikazimaliza kona zake kabisa, paipu nayo ikajisokota pamoja na nati, ikabidi niikate na fundi akaniwekea paipu mpya na nati zake. Kuipasha nati moto sikujaribu, niliogopea mipira ya silinda ya breki. Tumetoa upepo kwenye mfumo wa breki, pedeli imekaza na paipu haivuji hata tone.