Ushauri: Fedha za kukuza ajira ya wasimamizi wa data za utafiti (Mtwara/Lindi). Tuombe mafunzo au tuombe nafasi?

Somoe_Shangani (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamoo, wa rika langu habari za jioni.

Nina andiko la mradi mezani. Taasisi mbili ndogo za umma za utafiti, moja Mtwara moja Lindi, zinaomba pamoja. Kazi zao ni majaribio ya korosho, ufuta na muhogo, pamoja na dodoso za kaya vijijini. Mfadhili anataka kuona usimamizi wa data za utafiti, yaani kuzipanga, kuzisafisha na kuzihifadhi, unakuwa taaluma inayomlisha mtu, si kazi ya pembeni anayosukumiwa msaidizi wa mtafiti. Ukomo ni shilingi milioni 400 kwa miaka mitatu.

Rasimu yangu ipo hivi: mafunzo na safari milioni 190, seva na kompyuta milioni 90, wasimamizi wanne kwa mwaka mmoja 95,472,000, kinachobaki ufuatiliaji. Mshahara wa mfano nimeweka 1,800,000 kwa mwezi, nikaongeza mchango wa mwajiri kwa NSSF (hifadhi ya jamii) 10% na WCF (fidia kwa wafanyakazi) 0.5%.

Naomba mnisaidie kwenye idadi ya nafasi, namna ya kuonyesha kwamba ajira zitabaki mfadhili akiondoka, na upande wa sheria. Ukosoaji mkali unakaribishwa, bora unikute huku kuliko huko.

Mzee wa Ikama

Marahaba mwanangu. Nianze na jina la nafasi, maana ndipo wengi wanapojikwaa bila kujua. Rasimu ikiandika "mtunza data", kamati itaisoma kama Mtunza Kumbukumbu, mtu wa masijala, na itampangia mshahara wa kada hiyo. Ukiandika "afisa wa kompyuta", ataishia kutengeneza printa. Andika Afisa Data za Utafiti, kisha weka ngazi nne zinazofahamika serikalini: Daraja la II, Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu. Chini ya kila ngazi taja kinachompandisha mtu. Bila ngazi umeomba kibarua, hujaomba taaluma.

La pili ni hesabu yako. Umesema taasisi ni za umma. Mfuko basi ni PSSSF, ule wa watumishi wa umma, na mchango wa mwajiri ni 15%, si 10%. Kwa mtu mmoja: 1,800,000 × 1.155 = 2,079,000 kwa mwezi, yaani 24,948,000 kwa mwaka. Wanne ni 99,792,000. Umepunja 4,320,000 kwa mwaka mmoja tu, na mkaguzi wa fedha ataanzia hapo hapo.

La tatu: nafasi ya kudumu haizaliwi na mkataba wa mfadhili. Inahitaji kuwemo kwenye ikama (orodha ya nafasi zilizoidhinishwa za taasisi), iwe na muundo wa utumishi unaoitambua, na kibali kitoke Utumishi. Kada ikiwa haimo kwenye muundo, pitia mlango uliopo: muajiri kama Mtakwimu, Afisa TEHAMA au Mkutubi, majukumu ya data yaandikwe kwenye maelezo ya kazi na kwenye malengo yake ya PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi), huku maombi ya kubadili muundo yakiendelea. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na ikama huandaliwa miezi mingi kabla. Mradi ukianza Januari ukasubiri mwaka wa tatu kuomba nafasi, umekwisha.

Bahari_ya_Mikindani

Milioni 190 za mafunzo ni nyingi mno. Masomo ya The Carpentries, shirika linalowafundisha watafiti kushughulikia data kwa kompyuta, yako wazi bure, mtu yeyote anaruhusiwa kuyatumia na kuyabadilisha, na warsha yao ya kawaida ni siku mbili. CODATA na RDA, mashirika ya kimataifa ya data za utafiti, wana shule yao ya sayansi ya data za utafiti ambayo ni wiki kama mbili. Milioni 40 inatosha kabisa, na hapo umeshalipa nauli za Lindi–Mtwara na chakula.

Andiko la mafunzo matupu lina ugonjwa mmoja. Mtu anafundishwa, anapata cheti, anarudi kwenye kiti kile kile kisicho na nafasi, kisha mradi mwingine Dar unamchukua. Mfadhili anahesabu "waliofunzwa 60", kituo kinabaki na faili zile zile.

Halafu usipange warsha Oktoba wala Novemba. Ni msimu wa kuvuna korosho, watafiti wako shambani na mizani. Utawafundisha viti.

Kijana_Ruangwa

Mimi naona mnambana dada bure. Wasimamizi wanne kwa taasisi mbili si wengi. Chuo kikuu cha TU Delft kule Uholanzi walimpa kila kitivo msimamizi wake wa data.

Bahari_ya_Mikindani

Walimpa, na chuo chenyewe kikawa na fedha za kuwalipa. Swali la Somoe ni nani atalipa mwaka wa nne. Idadi ya nafasi haipimwi kwa ukubwa wa kazi, kazi ya data haiishi. Inapimwa kwa kile taasisi zitakachoweza kubeba zenyewe.

Dada Somoe, miradi yote ya taasisi hizo mbili ikijumlishwa ni kama kiasi gani kwa mwaka?

Somoe_Shangani

Ahsanteni sana. Kwa wastani milioni 900 kwa mwaka, miradi sita, wafadhili tofauti.

Takwimu_na_Chumvi

Basi hesabu inajisema. Jopo la wataalamu la Ulaya lilipendekeza mwaka 2016 kwamba karibu 5% ya fedha za utafiti ziende kwenye usimamizi wa data, na mwanasayansi Barend Mons akalirudia jambo hilo kwenye jarida la Nature mwaka 2020. 5% ya milioni 900 ni milioni 45. Gharama ya watu wawili ni 49,896,000. Kwa hiyo mmoja mnambeba kwa raha, wawili kwa kujibana, wanne ni ndoto. Omba wawili, kwa miaka mitatu kamili.

Malipo yashuke kwa ngazi. Mwaka wa kwanza mfadhili alipe 100%, wa pili 70%, wa tatu 40%. Kwa mishahara isiyopanda, mfadhili anatoa 49,896,000, kisha 34,927,200, kisha 19,958,400, jumla 104,781,600. Taasisi zinatoa 14,968,800 mwaka wa pili na 29,937,600 mwaka wa tatu. Mwaka wa nne pengo ni 4,896,000 tu juu ya ile milioni 45, na hilo linazibika mmoja akiingia kwenye ikama. Ongeza mstari wa nyongeza ya mshahara, usije ukaumbuka.

Tahadhari sasa, maana hapa ndipo wengi hukataliwa na wakaguzi. Usikate 5% bapa kwa kila mradi. Wafadhili wengi wataiita gharama ya uendeshaji wataifuta. Iuzie kila mradi siku za kazi za msimamizi. Mwaka una siku kama 220 za kazi baada ya likizo na sikukuu. 24,948,000 gawa kwa 220 ni 113,400 kwa siku, na wengi wanaishia hapo. Ni kosa. Msimamizi hauzi siku zote: sehemu moja ya tano huenda kwenye kujibu maswali, kufundisha, na kujifunza mwenyewe. Zinabaki siku 176, na bei sahihi ni 141,750. Ukiuza kwa 113,400 utafanya kazi mwaka mzima na mwisho hutafikisha mshahara. Mradi unaohitaji siku 40 unaandika 5,670,000 kwenye bajeti yake kama gharama ya moja kwa moja, na msimamizi anajaza daftari la muda kila wiki. Bila daftari la muda hakuna malipo, hilo halina mjadala.

Wafadhili wakubwa hawaoni ajabu mstari huo. NIH ya Marekani, wafadhili wa utafiti wa afya, kwa sera yao iliyoanza 25 Januari 2023, wanaruhusu gharama za kusimamia na kushirikisha data, ila lazima zitumike ndani ya kipindi cha mradi. Ukihitaji hifadhi ya miaka kumi, lipia kabla mradi haujafungwa. Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, nao wanataka mpango wa usimamizi wa data ifikapo mwezi wa sita wa mradi, na taasisi za Tanzania zinaruhusiwa kupokea fedha zao.

Kijana_Ruangwa

Nimenyoosha mikono. Hiyo 141,750 naichukua.

Mtafiti_wa_Shamba

Mnazungumza fedha vizuri lakini andiko bado halina sababu. Ukurasa wa kwanza usianze na "data ni muhimu". Anza na mkorosho. Ule mti unaanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu hivi, na kuijua mbegu yake vizuri kunataka misimu mingi baada ya hapo. Mradi wa kawaida ni miaka mitatu. Maana yake kila jaribio la korosho linaishi kuliko mradi uliolipanda, na mtu aliyeajiriwa na mradi anaondoka kabla mti haujatoa jibu. Hiyo ndiyo hoja ya ajira ya kudumu, na ni ya huku kusini, haijaazimwa popote.

Kisha onyesha karatasi moja. Chukua jedwali la mavuno la zamani. Mkorosho wa aina ya AC4 utaukuta umeandikwa "AC4", "AC 4", "ac-4" na "AC04". Kompyuta inaona aina nne. Safu ya uzito ina kilo na gramu bila kipimo kutajwa. Tarehe 3/4 kwa mmoja ni Aprili, kwa mashine iliyopangwa Kimarekani ni Machi. Baya kuliko yote ni sifuri: mti uliokufa, mti ambao haukuzaa kwa ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu), na mti ambao hakuna aliyeupima siku ile, wote wana 0. Ukikokotoa wastani, mti mzuri ambao haukupimwa unaonekana mbovu. Hakuna programu inayoweza kurudisha tofauti hiyo, inarudishwa na daftari la shambani na mtu anayejua kulisoma.

Kwa hiyo tenga fedha ya kuokoa data za nyuma. Kupiga picha madaftari, kuingiza mara mbili na watu wawili tofauti, kulinganisha, kurekebisha kwa OpenRefine (programu ya kusafisha majedwali), kuandika kamusi ya safu. Wahitimu wawili wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja chini ya wasimamizi hao, na kwao hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya taaluma.

Mzee wa Ikama

Hapo kwenye seva na kompyuta za milioni 90 sijagusa. Taasisi ya umma ikitaka kuanzisha mradi wa TEHAMA, andiko lake linapelekwa eGA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwanza. Ununuzi wote ni kupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Weka miezi sita ya kusubiri, na usiwaajiri watu kabla vifaa havijafika, watakaa wanapiga soga. Afadhali kompyuta mpakato nne, diski za nje na nakala tatu za kila faili, moja ikiwa nje ya jengo. Chumvi ya bahari yetu haina urafiki na diski. Seva achana nayo, data zilizo tayari weka Zenodo, hifadhi ya mtandaoni, bila malipo, hadi GB 50 kwa rekodi, na kila rekodi inapata DOI (namba yake ya kudumu ya utambulisho).

Fedha nazo ziingizwe kwenye bajeti ya taasisi mapema. Zikifika wakati hazimo kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, mishahara ya robo ya kwanza inakwama na msimamizi mzuri anaondoka mwezi wa tatu.

Bint_Rondo

Naomba nijibu la sheria kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na ilianza kutumika 1 Mei 2023. Taasisi inayokusanya majina, simu na mahali pa shamba la mkulima inatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake, hata kama "nje" ni seva ya mshirika wa Ulaya. Vibali vya utafiti ni COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na dodoso likigusa afya kuna NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa). Ukiandika kwenye mradi kwamba data zote zitawekwa wazi, umejifunga kuvunja sheria. Andika: wazi pale inaporuhusiwa, zenye watu zimefichwa utambulisho. Jina kufuta hakutoshi. Kijiji chenye kaya chache, alama ya GPS inamtaja mtu kama umemwita.

Kwenye kupanda cheo, tumia vitu vinavyohesabika: seti za data zenye DOI, mipango ya data iliyopita, miradi iliyohudumiwa. Mfumo wa CRediT una aina 14 za mchango kwenye makala, na kutunza data ni moja yake. Taasisi ikubali kwa maandishi kwamba jina la msimamizi linaingia kwenye orodha ya waandishi anapostahili, na kila mmoja awe na ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, tangu wiki ya kwanza.

Somoe_Shangani

Nimewaelewa wote, Mungu awalipe. Nimepanga upya: nafasi mbili za miaka mitatu kwa malipo ya kushuka, wahitimu wawili, mafunzo milioni 40, seva nimeitoa. Jumla imeshuka chini ya milioni 220. Sitajaza ukomo kwa kujaza tu.

Maswali mawili ya mwisho. Barua ya mkurugenzi iseme nini? Na lile jedwali la mavuno naweza kuliambatisha lilivyo, ili mfadhili aone hali halisi?

Mzee wa Ikama

Barua itaje mwaka wa fedha ambao nafasi ya kwanza itaombwa kwenye ikama, na kiasi cha shilingi ambacho taasisi itachangia mwaka wa pili na wa tatu. Neno "tutajitahidi" likionekana, irudishe ichapwe upya.

Bint_Rondo

Jedwali ambatisha, mistari kumi na tano ya mwanzo inatosha. Lakini angalia safu ya mwisho kulia kwanza dada, mara nyingi ndiko wanakoandika namba za simu za wenye mashamba.