Bando la GB 120 linaisha siku 9, nani anakula data usiku?

Mbezi_Juu
Wakuu habari za jioni, naomba msaada maana nimechoka. Nyumbani natumia rauta ya laini ya 4G, nanunua bando la GB 120 la mwezi na siku zote lilikuwa linatosha na linabaki, sasa toka mwezi uliopita siku ya 9 halipo. Tuko wanne, simu nne, tivii moja, laptopu ya mke wangu na kamera ya getini niliyofunga baada ya kuibiwa pampu ya maji. Nikiamka nakuta GB 4 zimeenda na usiku wote tulikuwa tumelala! Nikahisi mtoto wa jirani kapewa paswadi na wanangu, nikabadilisha, na kweli siku mbili data ikatulia kabisa, ya tatu ikaanza upya. Nimeshaenda kwa jirani kulalamika na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Huyu mtu anaingiaje?

fundi_pikseli
Mkuu kabla ya jirani ingia kwenye rauta yenyewe, fungua brauza andika 192.168.8.1 au 192.168.1.1, inategemea rauta, angalia stika ya chini. Utaona orodha ya vifaa vilivyoungwa. Ila simu za sasa, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14, zinaficha anwani yao halisi ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao, na kutumia ya kubuni, kwahiyo ukiona kifaa usichokijua usiseme mwizi haraka, zima waifai simu moja moja uone ipi inapotea kwenye orodha. Na WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika paswadi, zima kabisa.

dada_wa_tanga
Kwetu ilikuwa tivii. Watoto wanalala YouTube inajicheza video baada ya video mpaka alfajiri. Netflix ya HD inafika GB 3 kwa saa, ya 4K GB 7, sasa piga hesabu usiku mzima. Chomoa kwenye soketi leo halafu uangalie asubuhi.

Mbezi_Juu
Nimechomoa tivii, asubuhi GB 4 zimeenda vilevile. Vifaa vyote kwenye orodha ni vyetu. Ila nimeona sehemu ya takwimu, leo siku ya 7 toka ninunue, zilizopakuliwa GB 22, zilizopakiwa GB 74.

kipanga_86
Hiyo namba ya pili ndo yenyewe kaka. Mtu akiiba waifai yako aangalie video, zinapanda za kupakua. Zikipanda za kupakia maana yake kuna kitu humo ndani kinatuma nje, mara nyingi ni simu inayopandisha picha na video Google Photos, au kamera. Nikuulize, ulipobadili paswadi, kamera ilirudi lini hewani?

Mbezi_Juu
Dah. Siku ya tatu, fundi ndo alikuja kuiunga.

kipanga_86
Basi umempata. Kamera inayotuma 1 Mbps tu (megabiti moja kwa sekunde) bila kupumzika ni GB 10.8 kwa siku, zidisha kwa 7 uone kama hupati hiyo 74 yako. Ingia kwenye programu ya kamera, toa kurekodi muda wote kwenda mtandaoni, weka irekodi ikiona mtu tu, na hizo rekodi ziende kwenye memori kadi. Chora eneo la kuangaliwa liishie getini, maana matawi ya mti yakitikisika na yenyewe inayahesabu.

fundi_pikseli
Sahihi kabisa, na mimi nilipaswa kuuliza upakiaji toka mwanzo. Ongezea pia laptopu ya shemeji, Windows izuiwe kugawa apudeti kwa kompyuta zingine, hiyo nayo inapakia kimyakimya.

Mbezi_Juu
Wakuu mrejesho. Nimeweka kadi ya GB 64, mwembe nimeutoa kwenye picha, jana kutwa nzima na usiku wake zimeenda GB 3 tu. Asanteni sana, hasa kipanga. Jioni hii napita kwa jirani kumuomba radhi yeye na kijana wake.