Wazee wana njaa lakini wanakataa chakula ninachowapelekea, nifanyeje?

Mama Sufuria: Habari za jioni wakuu. Nimekwama, naombeni ushauri. Tupo Vingunguti, akina mama watatu, tunapika mchana na kuwapelekea majumbani wazee wasiojiweza. Wali maharage na mchicha, siku nyingine ugali dagaa. Tunapika sahani 30, wanaopokea hawafiki 10. Na wenye njaa wapo. Juzi saa 8 mchana nimeingia kwa bibi mmoja, jiko lake la mkaa buibui katanda utando ndani, ananiambia "nimeshakula mwanangu". Nawafikiaje wazee wa hivi? Usiku silali.

Mtu wa Buguruni: Anza kwa mjumbe wa shina. Yeye ndiye anajua nani hajaonekana nje tangu Jumatatu. Msikitini na kanisani pia, uliza nani ameacha kuja.

Kitinda Mimba: Umenikumbusha mama. Tulikuwa tunamtumia hela kwenye simu kila mwezi, tunajua anakula. Kumbe mikono inatetemeka, hawezi kusonga ugali wala kunyanyua ndoo. Hela ipo, anashindia chai ya rangi. Nimeenda Desemba nikakuta gauni linamvuka mabegani. Mpaka leo sijajisamehe.

Mzalendo: Watoto wao wako wapi? Umesomeshwa, halafu mzazi wako alishwe na jirani! Zanzibar tangu 2016 mzee akifika miaka 70 anapata pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa. Na huku bara tupewe.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, uliza kwanza nani yuko kwenye dawa za sukari, maana akizinywa bila kula anaweza kuanguka. Na kwa joto hili chakula kisikae masaa 2 nje ya hotpoti. Sasa niambie ukweli, mkifika mlangoni mnafanya nini?

Mama Sufuria: Shikamoo mama. Tunasalimia, tunampa sahani... na tunapiga picha. Kila mzee na sahani yake. Dada anayetusaidia hela ya mchele yupo nje ya nchi, anataka kuona. Bila picha hela hakuna, na fulana za kupigia picha tumeshalipia. Ni sekunde moja tu jamani.

Kitinda Mimba: Mama yangu apigwe picha ameshika sahani ya kupewa? Bora angelala njaa.

Jicho Kali: Wakuu, hii chai. Sahani 30, mfadhili yupo nje, fulana... subirini namba ya kuchangia inakuja.

Mtu wa Buguruni: Hata mimi nimeanza kuwaza. Mwaka jana nilimchangia mtu humu matibabu ya mtoto, akapotea na namba yake.

Mama Sufuria: Sijaomba hata mia! Mchele kilo 4, maharage kilo 2, tunayaloweka usiku ili gesi isiishe. Njoo saa 4 asubuhi ushike mwiko, ndipo uniite muongo.

Nesi Mstaafu: Acheni hayo. Kesho nenda kwa bibi yule peke yako. Simu iache nyumbani. Beba sahani mbili, mle pamoja.

Mama Sufuria: Nimetoka kwake sasa hivi. Mimi nimebakisha, yeye kamaliza na ukoko. Kaniambia nyumba ya nyuma yupo mzee haoni vizuri, ila nipitie uani, watu wasione. Picha ya leo sina, na dada ameshapiga mara tatu. Sijapokea.